Sufuria, visu na sahani: kipi kinastahili pesa zako na kipi kiachwe dukani

Seti ya vyombo kumi na viwili katika boksi moja ni ununuzi mbaya karibu kila mara. Fungua boksi uhesabu: sufuria mbili za maana, vikaango viwili vidogo visivyotosha mayai matatu, kisufuria ambacho hakitaguswa, na mifuniko iliyohesabiwa kama vyombo ili idadi ifike kumi na mbili. Vyote vimetengenezwa kwa namna moja, ilhali kazi za jikoni hazifanani. Kikaango cha mayai kinahitaji sifa ambazo sufuria ya kuchemshia maharage haina haja nazo hata kidogo. Kwa hiyo ushauri wetu ni kununua chombo kimoja kimoja, kila kimoja kwa kazi yake, na pesa nyingi ziende kwenye vitu viwili tu: chuma kinachobeba moto na bapa la kisu linalobeba makali. Vingine vyote, vya bei ya wastani vinatosha.

Vyombo tunavyovitaja kwa majina hapa ni vile ambavyo muundo wake unajulikana na unaweza kuuhakiki mwenyewe kwa macho, sumaku na mizani.

Stenlesi

Maandishi 18/10 yaliyogongwa kitakoni mwa chombo cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu, yana maana moja: asilimia 18 ya chuma hicho ni kromiamu na karibu asilimia 10 ni nikeli. Kromiamu hufanya utando mwembamba wa oksidi unaozuia kutu, na nikeli huongeza mng'ao na ukinzani dhidi ya asidi. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu upikaji. Stenlesi yenyewe hupitisha joto vibaya sana. Alumini huizidi zaidi ya mara kumi, na shaba huizidi zaidi ya mara ishirini. Ndiyo maana sufuria nyembamba ya stenlesi tupu huunguza chakula pale moto unapogusa, huku pembeni kukiwa bado vuguvugu. Na ile "stenlesi ya upasuaji" inayosifiwa kwenye matangazo ni stenlesi ya kawaida iliyopewa jina la kutisha.

Kinachopika ni alumini au shaba iliyofichwa katikati, na hufichwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, matabaka ya stenlesi na alumini hubanwa pamoja kuanzia kitakoni hadi ukingoni. Katika ya pili, kuta ni stenlesi tupu, ila kitakoni kumebandikwa bamba nene la alumini lililofunikwa kwa stenlesi. Kuzitofautisha ni kazi ya sekunde chache: tazama kwa nje, sentimita moja hivi kutoka chini. Ukiona mstari unaozunguka chombo chote, hilo ni bamba la kitakoni. Usipouona, tazama ukingo wa juu. Kwenye vyombo vingi vya matabaka utaona uzi wa kijivu wa alumini uliobanwa kati ya stenlesi mbili zinazong'aa.

Bamba la kitakoni halina ubaya. Kwa sufuria ya supu, maharage au kuchemshia maji, bamba la unene wa milimita 5 hadi 7 linatosha kabisa, kwa kuwa maji yenyewe huzunguka na kusambaza joto. Kuzidisha pesa hapo ni kuzitupa. Jambo moja tu likaguliwe: bamba lifike karibu kabisa na ukingo wa kitako. Likiishia mapema, kwenye jiko la gesi ulimi wa moto hupanda na kulamba sehemu nyembamba ya ukuta, na baada ya miezi michache utakuwa na duara jeusi la ukoko lisilotoka. Matabaka kamili yana faida ya kweli kwenye kukaanga na kwenye mchuzi mzito unaopunguzwa polepole, kwa sababu huko ukuta nao unapaswa kupata joto.

Katika kundi hili All-Clad D3 ndicho kipimo ambacho wengine hulinganishwa nacho. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1971 na John Ulam, mtaalamu wa metali, huko Canonsburg, Pennsylvania, Marekani. D3 ni matabaka matatu, na kikaango chake hupokea moto haraka na kupoa haraka ukiupunguza, jambo ambalo mpikaji wa michuzi hulithamini. Kasoro yake iko kwenye mpini: una mfereji kwa juu ambao hubana kiganja chombo kikiwa kimejaa. Wapo wanaoupenda kwa sababu haupindukii mkononi. Ushike kabla ya kulipa. Tramontina, kampuni ya Brazil, hutengeneza matabaka matatu ya muundo uleule kwa bei ya chini zaidi, na kwa nyumba nyingi hicho ndicho tunachopendekeza. Tofauti iko kwenye umaliziaji, na kwenye chakula huioni.

Usitishwe na hesabu ya matabaka. All-Clad D5 ya matabaka matano ina stenlesi nyingine katikati, hivyo joto husambaa polepole zaidi. Hilo huwasaidia wanaosahau chungu motoni, lakini haliifanyi iwe bora mara mbili. Cha kuuliza ni jumla ya unene. Chini ya milimita 2 achana nacho, milimita 2.5 hadi 3 ni pazuri, na Demeyere Proline ya Ubelgiji hufika milimita 4.8. Hicho ni kikaango cha nyama kwelikweli: vipande vinne vikiingia kwa pamoja bamba halipoi ghafla. Mpini umechomelewa bila ribiti, kwa hiyo ndani hakuna vichwa vya misumari vya kushika masizi ya mafuta. Lakini chenye upana wa sentimita 28 hukaribia kilo mbili na nusu kikiwa kitupu, na mwenye kiwiko kibovu asijitese.

Wengi huiacha stenlesi kwa sababu chakula hushika. Kinachokosekana ni joto la kutosha. Weka kikaango kitupu kwenye moto wa wastani dakika 2 hadi 3, kisha dondosha tone la maji. Likichemka na kutoweka papo hapo, bado. Likijikunja na kuteleza huku na kule bila kukauka, bamba limefika karibu nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi na mvuke umelibeba tone juu. Pangusa maji, mimina mafuta, punguza moto kidogo, kisha laza nyama au samaki aliyekaushwa vizuri kwa kitambaa. Usimguse. Akishapata rangi ataachia mwenyewe. Akigoma, upande huo haujawa tayari, na ukimvuta kwa nguvu utaacha ngozi yake kwenye chuma. Kwa mayai teremsha joto kabla ya kuyatia, kwa sababu hapo tone la kuteleza limeshapita kiasi.

Chumvi itiwe maji yakishachemka, kisha ikorogwe. Ikitiwa kwenye maji baridi hutulia kitakoni, kloridi hujikusanya mahali pamoja na kutoboa utando wa oksidi, na vishimo vidogo vinavyobaki havifutiki tena. Madoa ya rangi za upinde wa mvua na ukungu mweupe wa chokaa hayana madhara. Kijiko cha siki na maji ya moto huyaondoa. Mafuta yaliyogeuka gamba la kahawia hutaka uji mzito wa bikaboneti ya soda uachwe nusu saa.

Mwenye jiko la induksheni, linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, aende dukani na sumaku. Ikishika kitakoni kwa nguvu, chombo kitafanya kazi. Ikishika kwa kusitasita, jiko litalalamika au litapika nusu nguvu. Angalia pia ubapa: weka rula kwenye kitako. Uwazi mwembamba sana katikati chombo kikiwa baridi ni wa makusudi, kwa kuwa chuma hutanuka kikipata moto. Kitako kilichovimba kwa nje kitazunguka juu ya kioo cha jiko, na hakuna dawa.

Chuma cha kusubu na chuma cheusi

Husemwa kila mahali kwamba chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, husambaza moto sawasawa. Si kweli. Husambaza polepole kuliko alumini kwa mbali, na kikaango cha sentimita 26 juu ya kichoma kidogo cha gesi kitakuwa na katikati ya moto mkali na kingo za uvuguvugu. Nguvu yake ni kushikilia joto: ni kizito, na kikishakolea hakiyumbi. Kipashe moto polepole dakika 8 hadi 10, ukikizungusha robo duara kila baada ya dakika mbili, au kiingize kwenye oveni kwanza.

Lodge, inayosubu chuma huko South Pittsburg, Tennessee tangu mwaka 1896, ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Kikaango chake cha sentimita 26 kina uzito wa karibu kilo 2.4, uso wake una chembechembe za mchanga wa kalibu, na wengine hudhani ukwaruzi huo ni kasoro. Sivyo, utando wa mafuta hushika vizuri juu yake na kujaza mabonde kadiri unavyopika. Vikaango vya gharama vilivyosuguliwa hadi kulainika ni vyepesi kidogo na vizuri kwa macho. Mayai hayatambui tofauti ikiwa utando umekaa vizuri.

Utando huo ndio kila kitu, na huharibiwa na kosa moja: mafuta mengi. Osha chuma, kikaushe juu ya moto hadi kisibaki hata unyevu, paka mafuta ya mbegu au ya mboga ndani, nje na mpinini, kisha yafute yote kwa kitambaa kikavu kana kwamba hukutaka kuyapaka. Kinachobaki ndicho kipimo sahihi. Kiweke kifudifudi kwenye oveni ya nyuzi 230 hadi 250 kwa saa moja, kipoe humohumo. Rudia mara tatu au nne. Mafuta hapo hugeuka na kuwa ganda gumu lililoshikana na chuma. Ukiona uso unanata, ujue mafuta yalizidi. Kirudishe kwenye oveni saa nyingine, na kikikataa kisugue uanze upya. Ukiona kutu, pamba ya chuma na dakika kumi za kazi zinatosha, kwani chuma hiki hakifi. Sabuni kidogo ya vyombo haidhuru. Kinachodhuru ni kulowekwa, mashine ya kuoshea vyombo, na nyanya au limau vikichemka humo zaidi ya nusu saa, maana asidi hula utando na chakula hupata ladha ya chuma.

Kwa mapishi hayo ya asidi kuna chuma cha kusubu kilichopakwa enameli, mpako mgumu kama kioo. Le Creuset, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1925, ina enameli nyeupe ndani, hivyo unaona rangi ya kitunguu kikigeuka na unazuia kuungua kabla hakujatokea. Staub ina enameli nyeusi isiyong'aa ambayo hukaanga nyama ikapata rangi vizuri zaidi na haionyeshi madoa, na mfuniko wake una vinundu vinavyodondosha mvuke uliopoa juu ya chakula. Anayepika michuzi zaidi achukue ya kwanza, anayechoma nyama kwanza kisha kuipika polepole achukue ya pili. Zote mbili ni nzito, na zote mbili hufa kwa njia ileile: chungu cha moto kutiwa maji baridi, au chungu kitupu kuachwa kwenye moto mkali. Enameli na chuma hutanuka kwa viwango tofauti, na enameli ndiyo hupasuka. Ikianza kubanduka ndani, chungu hicho kimemaliza kazi ya kupikia chakula. Moto wa wastani unatosha kwa kila kitu.

Chuma cheusi chembamba, kinachotumika kwenye jikoni nyingi za hoteli, hupakwa mafuta kwa utaratibu uleule lakini hupokea amri ya moto haraka zaidi. De Buyer Mineral B ina unene wa milimita 2.5 hadi 3 na huja imepakwa nta ya nyuki ili isishike kutu. Nta hiyo ioshwe yote kwa maji ya moto sana na brashi kabla ya kupaka mafuta. Ikibaki, utando utashika juu ya nta na kubanduka vipande vipande ndani ya wiki. Angalia pia mpini wa modeli ya kawaida: umepakwa epoksi, hivyo oveni ni dakika kumi tu kwa nyuzi 200, na utando wa kwanza ufanyike juu ya jiko. Kwa samaki na mayai, baada ya mwezi wa matumizi, hakuna kikaango tunachokipenda zaidi ya hiki.

Nonstiki

Nunua kikaango kimoja cha nonstiki, yaani chenye mpako usioshika chakula, kwa ajili ya mayai, na usikilipie sana. Tefloni, mpako wa kuteleza wa vikaango hivi, iligunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa DuPont, na hadi leo hakuna kinachoishinda kwa kuteleza. Lakini ni plastiki, na plastiki huchakaa. Kikaango chema hudumu miaka miwili hadi mitano kulingana na mikono inayokitumia. Kulipia mara nne zaidi hakuongezi umri mara nne. Maneno "graniti", "almasi" na "titani" kwenye boksi mara nyingi humaanisha tefloni ileile, au mpako wa kauri, uliochanganywa na chembe za rangi au za kuimarisha. Mpako wa kauri hustahimili joto zaidi, ila utelezi wake hupungua mapema kuliko wa tefloni. "Haina PFOA", kemikali iliyokuwa ikitumika kutengeneza tefloni, nayo haina uzito mkubwa, kwa kuwa kampuni kubwa ziliahidi kuacha kutumia kemikali hiyo ifikapo mwaka 2015.

Tefloni huanza kuharibika kuanzia nyuzi 260 hivi, na juu ya 350 huvunjika na kutoa moshi unaoua ndege wa kufugwa na kumwacha mtu na homa. Kikaango kitupu juu ya moto mkubwa hufika huko ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usikipashe moto kikiwa kitupu, usikitumie kuchomea nyama, tumia mwiko wa mbao au wa silikoni, na usipulizie mafuta ya kopo, kwa sababu lesithini iliyomo huungua na kuacha gundi inayomaliza utelezi kabla ya mpako wenyewe kuchakaa. Unapochagua, pima kitako: alumini ya milimita 3 au zaidi. Nyembamba hujikunja, mafuta hukimbilia pembeni, na katikati huungua.

Sufuria za alumini tupu bado ni nzuri kwa kuchemsha, mradi ziwe nene kiasi cha kutobonyea ukizikamua kwa vidole ukingoni. Vyakula vyenye nyanya, siki au ndimu visilale humo usiku. Asidi humung'unya alumini, na chakula hubadilika rangi na ladha. Iliyofanyiwa anodi, yaani iliyokazwa uso kwa umeme, ya kijivu cheusi, haina shida hiyo.

Visu vitatu

Kisu cha mpishi cha sentimita 20, kisu kidogo cha kumenyea cha sentimita 8 hadi 10, na kisu cha meno cha mkate cha sentimita 25. Kwa hivyo vitatu utafanya kazi yote ya nyumbani. Bloku la mbao lenye visu kumi na tano ni seti ileile ya sufuria kwa sura nyingine.

Swali la kwanza ni ugumu wa chuma, unaopimwa kwa kipimo cha Rockwell, HRC. Visu vya Kijerumani na Kiswisi viko kati ya 54 na 58, na chuma chao cha kawaida huandikwa X50CrMoV15 kwenye bapa: kaboni nusu asilimia, kromiamu asilimia 15. Vingi vya Kijapani viko 60 na kuendelea. Chuma laini hupinda makali yake badala ya kukatika, hivyo huvumilia mfupa mdogo, malenge na mtoto wa kidato cha pili anayejifunza kupika; lakini makali hulala mapema. Chuma kigumu hushika makali muda mrefu na huruhusu pembe kali zaidi, nyuzi 10 hadi 15 kila upande, ila hukatika meno kikikutana na mfupa, nyama iliyoganda au mkono unaozungusha kisu kikiwa ndani ya ubao.

Victorinox Fibrox wa sentimita 20 ndio kisu tunachompa yeyote anayeanza, na wengi hawahitaji kingine baada yake. Umekatwa kwenye bamba, haukufuliwa kwa nyundo, na hilo huwafanya wauzaji waudharau. Waache. Bapa lake ni jembamba, na wembamba nyuma ya makali ndio unaofanya kisu kipite kwenye karoti bila kuipasua. Mpini wake wa plastiki hauna urembo, lakini hauponyoki mkononi wenye mafuta. Wüsthof Classic kutoka Solingen, Ujerumani, umefuliwa, ni mzito zaidi, HRC 58, pembe ya nyuzi 14 kila upande, na umaliziaji wake ni wa hali ya juu. Kinachotusumbua ni bonge la chuma linaloshuka hadi kwenye kisigino cha bapa: kadiri miaka ya kunoa inavyopita, bapa hupungua na bonge halipungui, mpaka makali ya nyuma yanaacha kugusa ubao. Wanaotaka Wüsthof watafute umbo ambalo bonge hilo limeishia nusu. Tojiro DP wa Kijapani, wenye moyo wa chuma cha VG10 uliobanwa katikati ya stenlesi laini, ndio mlango mzuri wa kuingilia visu vigumu, kwa mtu ambaye yuko tayari kununua jiwe la kunolea siku hiyohiyo. Asiye tayari arudi kwenye Victorinox.

Mawimbi ya damaski kwenye bapa ni ya macho. Kwenye visu vya bei ya chini mara nyingi yamechapwa juu tu. Dalili ni michoro inayojirudia ileile, au inayoishia ghafla kabla ya mgongo wa kisu. Mashimo na ribiti tatu mpinini nazo si uthibitisho wa ubora. Shika kisu kwa kidole gumba na cha shahada juu ya bapa lenyewe, mbele ya mpini: kikielemea nyuma au kona ya mgongo ikikukata kidole, baada ya kilo moja ya vitunguu utalijutia.

Kisu butu cha bei kubwa ni kibaya kuliko kisu kikali cha bei ndogo, kwa hiyo jiwe ni sehemu ya ununuzi. Jiwe la King lenye chembe namba 1000 upande mmoja na 6000, laini zaidi, upande wa pili linatosha maisha ya nyumbani. Liloweke dakika 10 hadi 15 mpaka mapovu yaishe. Inua mgongo wa kisu juu ya jiwe: kwa bapa lenye kimo cha milimita 45, kuinua milimita 12 hivi ni pembe ya nyuzi 15, na milimita 15 ni nyuzi 20. Sukuma na kuvuta kwa upande wa 1000, kipande kwa kipande kutoka kisigino hadi ncha, mpaka kwa upande wa pili uhisi kwa kidole unyuzi wa chuma uliojikunja kwenye urefu wote wa makali. Unyuzi huo ndio ushahidi kwamba pande mbili zimekutana. Geuza, fanya vivyo hivyo, kisha hamia 6000 kwa mikono miepesi zaidi na zaidi mpaka unyuzi uondoke. Nyanya ikatike kwa uzito wa kisu peke yake.

Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu tatu: pembe inayoyumba katikati ya mwendo, kuacha kabla unyuzi haujafika kisigino na ncha, na jiwe lililobonyea katikati. La tatu husahaulika sana. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe, lisugue kwenye msasa mkavu uliolazwa juu ya kioo, na lisawazishe mpaka mistari yote ifutike. Fimbo ya chuma haiondoi chuma kingi. Hunyoosha makali yaliyolala, na inafaa kwa visu vya HRC 58 kushuka chini, mipapaso minne au mitano kila upande. Kwa visu vigumu tumia ya kauri, polepole. Vinoleo vya kupitisha kisu kwenye mfereji wa V hukwangua na kumeng'enya makali, na hatuvipendekezi kwa kisu chochote unachokijali.

Ubao uwe wa mbao au wa plastiki ya polietilini. Kioo, marumaru na sahani hulaza makali kwa mara chache tu. Mianzi nayo ni migumu kwa sababu ya gundi na silika yake. Unene wa sentimita 3 huzuia kupinda, na kitambaa kibichi chini yake huzuia kuteleza. Visu vyote vioshwe kwa mkono na kukaushwa papo hapo.

Mezani

Hapa pesa zipungue. Tofauti ya sahani za udongo, za mawe (udongo uliochomwa hadi ukakaza kama jiwe) na za kauri, yaani poseleni, ni joto la tanuri. Za udongo huchomwa chini, karibu nyuzi 1000 hadi 1150, hubaki na vitundu, hunyonya maji na kumeguka ukingoni. Za mawe huchomwa nyuzi 1200 hadi 1300, ni nzito na imara. Kauri hufika hadi 1400, haina vitundu, na ukiielekeza kwenye taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kauri ya mifupa, iliyochanganywa na majivu ya mifupa, ni nyembamba na bado ngumu kumeguka kuliko inavyoonekana. Kwa matumizi ya kila siku tunachagua kauri nyeupe ya hoteli yenye ukingo mnene, uliokunjwa.

Geuza sahani. Duara la mguu wake lisilo na glezi, ule mpako wa kioo, liwe laini. Likiwa na ukwaruzi litakwangua sahani ya chini yake kila unapozipanga. Dondosha maji juu ya duara hilo usubiri dakika moja: yakinyonywa, sahani hiyo itapasuka au kupata moto kupita kiasi kwenye maikrowevu. Glezi isiyong'aa inapendeza kwenye picha lakini hushika alama za kijivu za uma na visu. Hizo si mikwaruzo, ni chuma kilichobaki juu, na sabuni ya unga yenye asidi ya oksaliki huziondoa. Sahani za zamani zenye michoro ya rangi kali juu ya glezi zipambe ukuta. Baadhi zina risasi, na vyakula vyenye asidi huitoa.

Kwa glasi, Duralex ya Ufaransa. Umbo lake la Picardie limekuwepo tangu mwaka 1954, na kioo chake hupashwa moto hadi karibu nyuzi 600 kisha hupozwa kwa upepo ghafla, hivyo uso wake hubaki umebanwa na hustahimili kuanguka na chai ya moto. Kikivunjika huvunjika vipande vidogo vingi badala ya visu virefu. Glasi hiyo isipangwe ndani ya nyingine ikiwa na maji, na yenye mkwaruzo mzito itolewe, kwa sababu ndipo mpasuko huanzia.

Vijiko na uma viwe 18/10, unene wa milimita 2.5 hadi 3 shingoni, na nafasi kati ya meno ya uma iwe imelainishwa. Pitisha ukucha humo, kwani kiwanda kinachobana matumizi huacha hapo pakiwa na kingo kali. Visu vya mezani vitashika sumaku na kupata vidoa vya kutu kabla ya vijiko. Chuma chake kina kromiamu pungufu na hakina nikeli ili kiweze kukazwa na kushika makali, kwa hiyo visikae na unyevu wa mashine hadi asubuhi. Nunua vyote mahali vinapouzwa kimoja kimoja, na uongeze sahani mbili na vijiko vinne juu ya idadi unayohitaji, maana muundo ukiacha kutengenezwa hutaupata tena.